Bayleaf: Nyumba ya Mkulima Iliyoundwa kwa Mwaloni

Nyumba ya Bayleaf ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 15 huko Chiddingstone, katika kaunti ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, na kwa zaidi ya miaka 500 ilikaliwa hapo hapo. Katika miaka ya 1960 bonde lililoizunguka lilichaguliwa kuwa bwawa la maji la Bough Beech, na nyumba ikawa ama ihame ama izame. Ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikapakiwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikasimamishwa upya huko Singleton, West Sussex, kwenye makumbusho ya Weald and Downland, yaliyofungua milango kwa umma mwaka 1970. Nyumba ya mawe ingebomolewa ikawa kifusi. Hii ilifunguka jinsi ilivyofungwa, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa kazi ya seremala kuliko ya mwashi: vipande vya mwaloni vilichongwa pembeni, vikatiwa alama, vikaletwa kiwanjani na kuunganishwa kiunzi ambacho hakikutegemea msumari wa chuma.

Waliojenga nyumba za namna hii hawakuwa mabwana wakubwa. Tauni ya 1348–49 iliua pengine theluthi moja hadi nusu ya watu wa Uingereza, ikaacha ardhi nyingi na mikono michache. Ujira ukapanda, kodi za ardhi zikashuka, na katika vizazi vilivyofuata likainuka tabaka la wakulima huru waliokuwa na akiba ya kumlipa seremala hodari. Kent ilikuwa na neema zaidi. Soko la London lilikuwa karibu, vijiji vya Cranbrook na jirani zake vilifuma nguo za sufu, na desturi ya urithi ya huko iligawa ardhi kwa watoto wote wa kiume badala ya kumwachia mzaliwa wa kwanza peke yake. Wenye mashamba wakawa wengi, na wengi wao walitaka nyumba ya kuonekana barabarani. Ndiyo sababu nyumba za wakulima za enzi hiyo zimebaki Kent kwa wingi usio wa kawaida.

Malighafi ilikuwa mlangoni. Weald ni eneo la misitu na udongo wa mfinyanzi lililo kati ya safu mbili za vilima vya chokaa, na mwaloni hustawi humo. Lakini msitu wa wakati ule haukuwa pori. Vichaka vya chini vilikatwa kila baada ya miaka michache ili kupata kuni, fito na miti ya ua, kisha vikaachwa vichipue tena kutoka kwenye visiki vile vile. Katikati yake miwaloni iliachwa isimame miongo kadhaa hadi ifikie unene uliotakiwa. Katika Bradfield Woods, kaunti ya Suffolk, kuna kumbukumbu za ukataji wa aina hiyo tangu 1252. Oliver Rackham, mtaalamu wa misitu aliyehesabu mbao za nyumba moja ya shamba iliyojengwa Suffolk karibu na mwaka 1500, alikuta zimetumika zaidi ya miti 300, mingi ikiwa myembamba. Hesabu hiyo inaondoa dhana kwamba nyumba hizi zilimaliza miti mikubwa ya msituni. Seremala hakutafuta mti mkubwa wa kupasua vipande kumi. Alitafuta miti mingi, kila mmoja ukikaribiana na kipimo cha nguzo au boriti aliyoikusudia, na ile iliyopinda aliichagua makusudi kwa ajili ya mikono ya kukaza pembe za kuta.

Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi. Ukishakauka huwa mgumu kiasi cha kuchosha shoka na kuvunja patasi, na hakuna aliyekuwa na subira ya kungoja boriti nene ikauke, jambo linaloweza kuchukua miaka mingi. Ubichi una gharama yake. Mita moja ya ujazo wa mwaloni uliokatwa leo ina uzito wa takriban tani moja, na kadiri unavyokauka mti hunywea upana wake, ingawa urefu haubadiliki sana. Matokeo yake ni nyufa ndefu na boriti zilizojipinda ambazo mgeni huzidhania dalili za kuanguka. Seremala alijua yatatokea, akayapangia.

Mpango wenyewe ulikuwa katika viungo. Mwisho wa kipande kimoja ulichongwa ulimi, kipande cha pili kikachimbwa tundu la kuupokea, kisha vyote viwili vikatobolewa kwa keekee ili kupitisha msumari wa mti. Tobo la kwenye ulimi halikuwekwa sambamba na matobo ya pembeni. Lilisogezwa milimita chache kuelekea bega la kiungo. Msumari wa mwaloni mkavu, uliochongwa mwembamba nchani, ulipogongwa ulilazimika kupinda ili upite, na kwa kupinda huko uliuvuta ulimi ndani ya tundu na kuubana. Mti mbichi uliozunguka ulipokauka, ulizidi kuung'ang'ania. Chuma kisingefaa kitu hapa, kwani tindikali ya mwaloni mbichi hukila na kuacha madoa meusi.

Kiunzi hakikutengenezwa juu ya msingi wake. Mafundi walilaza upande mmoja wa nyumba chini, katika uwanja wa kazi, wakachonga kila kiungo kwa kukipimia mwenzake, wakajaribu vinavyokaa, kisha wakapiga alama kwa ncha ya chuma na kuvifungua. Alama zilikuwa tarakimu za Kirumi, kwa kuwa mstari ulionyooka ni rahisi kukatwa kwenye mti. Nne iliandikwa mara nyingi kwa mistari minne, si kwa mmoja na V, maana kipande kikisomwa kichwa chini miguu juu IV na VI huchanganyika. Alama hizo bado zinaonekana kwenye nyumba nyingi. Kwa kuwa kila tundu lilichongwa kwa ajili ya ulimi wake mmoja tu, kipande cha saba hakikuweza kuwekwa mahali pa cha nane hata kama kwa macho vililingana.

Kiungo kinachostahili kutazamwa kwa karibu kuliko vyote ni kile cha juu ya nguzo, ambapo nguzo, mtambaapanya, boriti inayovuka nyumba na mguu wa paa hukutana mahali pamoja. Mti wa nguzo ulisimamishwa kichwa chini, upande wa shina ukiwa juu, kwa sababu shina ni nene na kiungo hicho kilihitaji unene. Juu ya nguzo zilichongwa ndimi mbili, moja nyuma ya nyingine na kwa vimo tofauti. Ulimi wa chini uliingia katika mtambaapanya, yaani mti mrefu unaolala juu ya ukuta. Ule wa juu uliingia tumboni mwa boriti inayovuka. Chini ya boriti hiyo kulichongwa mkia mwembamba shingoni na mpana mwishoni, nao ukakalia mtambaapanya na kuukamata. Paa likisukuma kuta nje, kama mapaa mengi yanavyofanya, mkia huo hauachii. Fundi wa Chiddingstone hakuwa na hesabu za mkazo wala vitabu vya uhandisi, lakini kiungo hiki kimeenea mashariki na kusini mwa Uingereza karne baada ya karne kikibadilika kidogo sana, na ni vigumu kuona kingeboreshwa vipi.

Si kila hesabu ya mafundi hao ilikuwa sawa. Miti ya kubeba sakafu ya ghorofa waliilaza ubapa, upande mpana ukitazama chini, ingawa mti uleule ukisimamishwa kwa ubavu wake hubeba uzito mkubwa zaidi. Nyumba za Enzi za Kati zinaweza kutambuliwa kwa ukarimu huo wa mbao. Waliokuja baadaye, mwaloni ulipopanda bei, walianza kuisimamisha na kuipunguza unene.

Kiunzi kilisimama juu ya ukuta mfupi wa mawe au matofali, na juu yake ikalazwa boriti ya msingi iliyopokea miguu ya nguzo. Katika karne za awali nguzo zilichimbiwa ardhini, zikaoza kwa unyevu na kumalizika. Karibu hakuna nyumba ya namna hiyo iliyobaki. Kuziinua nguzo kutoka ardhini ndiko kulikoziwezesha nyumba kama Bayleaf kufikisha miaka 600.

Nafasi kati ya nguzo zilijazwa kiambaza. Anayeijua nyumba ya fito na udongo ya pwani ya Afrika Mashariki angeitambua kazi hii mara moja: vijiti vya mwaloni vilisimamishwa wima, ncha za juu zikiingia kwenye matundu na za chini kwenye mfuo uliochimbwa katika boriti, vikasukwa kwa fito za mti wa hazeli, kisha vikakandikwa pande zote mbili kwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, na juu yake chokaa. Tofauti ni kwamba kiambaza cha Kent hakibebi chochote. Kikibomoka chote, paa linabaki juu ya nguzo na mwenye nyumba hupata usumbufu wa baridi tu. Madirisha yalikuwa nafasi nyingine tupu za kiunzi hicho, zikiwa na vizuizi vyake vya mti: vijiti vya mwaloni vya pembe nne vilivyosimamishwa kwa pembe. Kioo hakikuwamo. Usiku au kwenye upepo vilifungwa vifuniko vya mbao, na ndani kukawa giza.

Kwa mbele, Bayleaf ina sura ya kundi zima la nyumba ambazo wasanifu wanazitaja kwa jina la Weald. Katikati ni ukumbi uliofika hadi paani bila dari. Kila upande wake una sehemu ya ghorofa mbili, na ghorofa ya juu inachomoza mbele ya ukuta wa chini kwa kukalia ncha za miti ya sakafu. Lakini paa ni moja, limenyooka toka ncha hadi ncha, kwa hiyo mbele ya ukumbi ukingo wa paa unakuwa mbali na ukuta na kubebwa na mikono miwili iliyopinda. Husimuliwa kwamba ghorofa zilichomozwa ili kukwepa kodi iliyotozwa kwa eneo la chini. Hakuna ushahidi wa kodi hiyo, na ingekuwa ajabu kuipata shambani ambako ardhi si haba. Kuchomoza kulimpa mwenye nyumba nafasi kidogo zaidi juu, na uzito wa ukuta wa nje ulisaidia kuikaza sakafu. Juu ya hayo kulikuwa na fahari. Mti mwingi uliofanyiwa kazi nyingi upande wa barabarani ulitangaza uwezo wa mwenyewe.

Ndani, nyumba ilikuwa na upande wa juu na upande wa chini, na kila mtu alijua nafasi yake. Milango miwili, ya mbele na ya nyuma, ilitazamana kwenye kipito kilichokata mwisho wa chini wa ukumbi. Ng'ambo ya kipito hicho kulikuwa na vyumba viwili vidogo, kimoja cha vinywaji, hasa bia, na kingine cha mikate na vyakula vikavu, na juu yake chumba. Mwisho wa pili wa ukumbi, mbali na milango na upepo wake, ilikaa meza ya mwenye shamba, karibu na dirisha kubwa kuliko yote. Nyuma ya meza hiyo ulikuwa mlango wa chumba chake, na ngazi ya kupanda kwenye chumba cha juu, ambacho Bayleaf kina hata choo kilichojengwa kining'inie nje ya ukuta. Watumishi walikula ukumbini pamoja na bwana wao, lakini upande wa kipito.

Katikati ya sakafu ya udongo ya ukumbi ulikokwa moto. Hapakuwa na dohani. Moshi ulipanda, ukajaa paani, ukatoka polepole kupitia mianya ya vigae na matundu ya pembe za juu. Mpango wote wa nyumba unatokana na moshi huo. Ukumbi haukuweza kuwa na ghorofa kwa sababu moshi ulihitaji kimo. Vyumba vya pembeni viliweza kuwa nayo kwa sababu havikuwa na moto. Kutoka chumba cha juu cha upande mmoja hadi cha upande wa pili hapakuwa na njia ila kushuka, kuvuka ukumbi na kupanda tena. Hewa ya kichwani ilikuwa chungu, ya miguuni ilikuwa baridi, na nafasi nzuri ilikuwa kwenye kiti.

Moshi huo pia ndio shahidi wa kutegemewa kuliko wote. Mtafiti anayetaka kujua kama nyumba fulani iliwahi kuwa na ukumbi wa wazi hupanda darini akiwa na taa na kutafuta masizi. Makombamoyo yakiwa meusi na ya kung'aa hadi ndani ya nyufa, moto uliwaka chini yake. Yakiwa meusi upande mmoja tu wa ukuta wa ndani, ukumbi ulikuwa upande huo. Huko juu huonekana pia ufundi wa paa lenyewe. Katika nyumba za Kent, kutoka katikati ya boriti inayovuka huinuka nguzo fupi, mara nyingi iliyonakshiwa shingo na msingi, ikibeba mti unaopita chini ya paa zima na kuyazuia makombamoyo yasilale kama kadi za karata. Nguzo hiyo ilichongwa vizuri kwa sababu wakati ule ilionekana na kila aliyekaa ukumbini akiinua macho.

Umri hupimwa kwa pete za mti. Kipande chembamba hutobolewa kutoka kwenye boriti, upana wa pete zake ukapimwa mwaka kwa mwaka na kulinganishwa na mfululizo unaojulikana wa miwaloni ya eneo hilo. Gamba likiwa bado lipo, mwaka wa kukatwa mti hupatikana, pengine hata msimu. Na kwa kuwa mwaloni ulitumika mbichi, mwaka wa kukatwa karibu ni mwaka wa kujenga. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba ukumbi na upande wa chini wa Bayleaf ni wa kati ya 1405 na 1430, ilhali upande wa juu, ambao kwa macho unafanana nao, ni wa mwanzoni mwa karne ya 16. Mtindo uliweza kukaa miaka mia bila kubadilika.

Nje ya kusini-mashariki maseremala walishika njia nyingine. Magharibi na kaskazini, mbali na Kent na Suffolk, nyumba nyingi zilibebwa na jozi za miti mikubwa iliyopinda, kila jozi ikitoka chini na kukutana kileleni, mara nyingi ikiwa mti mmoja uliopasuliwa katikati ili pande zifanane. Sehemu ya zamani ya nyumba ya Shottery, karibu na Stratford, alikokulia Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, ina miti ya aina hiyo. Kuta pia zilitofautiana. Mashariki, mwenye fedha alisimamisha nguzo nyembamba zilizokaribiana sana, nyingi kuliko ukuta ulivyohitaji. Herefordshire na Cheshire walipendelea miraba midogo, na baadaye nakshi ndani ya miraba.

Karne ya 16 moshi ulipata njia yake. Baadhi ya wenye nyumba walianza kwa nusu hatua: walitenga sehemu nyembamba ya ukumbi kwa ajili ya moto na moshi, wakaweka dari kwenye sehemu iliyobaki. Kisha ikaja dohani ya matofali. William Harrison, padri wa Radwinter huko Essex, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji chake walishangazwa na mambo matatu yaliyobadilika maishani mwao, na la kwanza lilikuwa wingi wa madohani. Mengine yalikuwa malazi bora na vyombo vya bati mahali pa vya mti. Mwanahistoria W. G. Hoskins, katika makala yake ya 1953, aliyaita mabadiliko ya takriban 1570 hadi 1640 ujenzi mpya mkuu wa Uingereza vijijini. Tarehe zake zimepingwa tangu hapo, kwa kuwa kaunti nyingine zilitangulia na nyingine zikachelewa sana, lakini mwelekeo wenyewe hauna ubishi.

Makumbusho ya Singleton yana nyumba nyingine inayoonyesha mwisho wa mwendo huo: Pendean, kutoka Midhurst, ya mwaka 1609. Kiunzi chake bado ni cha mwaloni, na madirisha mengi bado hayana kioo. Lakini ukumbi mrefu umetoweka. Dohani pana ya matofali inasimama ndani ya nyumba, vyumba vimepangwa kuizunguka, na ghorofa inapita toka mwisho hadi mwisho. Paa halina tena cha kuonyesha, hivyo seremala hakupoteza muda kulinakshi. Nyumba kongwe zilifanyiwa hivyo hivyo bila kubomolewa: dohani ikapenyezwa katika kipito au katikati ya ukumbi, sakafu ikaning'inizwa kati ya kuta, na dirisha refu la ukumbi likakatwa mara mbili. Mtu anaweza kulala leo katika chumba ambacho miaka 500 iliyopita kilikuwa moshi mtupu.

Bayleaf nayo ilikuwa imepitia maisha ya baadaye kabla ya kuhamishwa, na walioisimamisha upya waliamua kutorudisha mengi ya hayo. Ukumbi ulifunguliwa tena hadi paani, moto ukarudi sakafuni, na vyumba vikapambwa kama ilivyodhaniwa vilikuwa mwaka 1540. Kwa mafunzo uamuzi huo hauna mfano. Hakuna kitabu kinachoeleza moshi vizuri kama ukumbi wenye moshi. Lakini umefuta maisha ya wakulima waliokaa humo baadaye, na leo pengine usingepitishwa kirahisi.

Sura nyeusi na nyeupe inayochapishwa kwenye kadi na makopo ya biskuti ni ya karne ya 19 katika maeneo mengi. Kabla ya hapo mwaloni uliachwa ugeuke kijivu, au ukapakwa chokaa pamoja na kuta. Katika karne ya 18 mbao zilizoonekana zilikuwa dalili ya ushamba, na wenye uwezo walizifunika kwa plasta, matofali au vigae vya ukutani, kiasi kwamba nyumba nyingi za Kent na Sussex zinazoonekana za matofali zina kiunzi cha Enzi za Kati ndani yake. Pia kuna simulizi ya boriti zilizotoka kwenye meli za kivita zilizovunjwa. Wenye nyumba huipenda, hasa wakionyesha matundu matupu yasiyo na kazi. Matundu hayo karibu kila mara yalitoka kwenye nyumba au ghala lililotangulia, au yalibeba ukuta ulioondolewa. Kukokota mbao nzito zilizokauka kutoka bandarini kwa mikokoteni hadi shamba lililozungukwa na miwaloni kungekuwa hasara.

Madhara makubwa yamefanywa na saruji. Mwaloni na udongo hupokea unyevu na kuuachia. Chokaa inauruhusu upite. Katika karne ya 20 kuta nyingi zilipigwa lipu ya saruji na rangi zisizopitisha hewa, maji yakanaswa nyuma yake, boriti za msingi zikaoza, na bungua wanaopenda mwaloni wenye unyevu wakaingia. Chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877 kilikuwa kimekwisha kuhimiza kukarabati kidogo kidogo badala ya kurudisha jengo katika upya wa kubuni, na sheria ya mipango miji na vijiji ya 1947 ikaweka msingi wa orodha za majengo yanayolindwa. Fundi wa leo akikuta mguu wa nguzo umeoza hukata sehemu mbovu peke yake, akaunga kipande cha mwaloni mpya kwa kiungo kirefu cha mshazari, akakifunga kwa misumari ya mti, kisha akabandua saruji na kukandika upya kwa udongo na chokaa.